Papai la Mkuu na Mate ya Hidaya

Mwalimu Yuliana alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Utotoni, kwao Kinole, alikuwa akipasua kila mbegu aone kilichomo, mpaka mama yake akamwachia Mungu. Sasa alifundisha baiolojia Morogoro mjini, miaka ile shule za watu binafsi zilipoota kama uyoga, kila moja ikijinadi kwa maabara yake. Ya kwao ilikuwepo kwenye kibao cha barabarani tu.

Hilo halikumzuia. Kwenye semina alisikia kwamba vinasaba, vile vitu vidogo vinavyomfanya mtoto afanane na wazazi wake, hutolewa kwenye mate kwa chumvi, sabuni ya maji na spiriti baridi, vikaonekana kama nyuzi nyeupe. Akaipoza spiriti kwenye friji ya duka la soda, akawatungia wanafunzi kesi ya mchezo: nani kala ndizi ya mwalimu?

Balaa lilioje! Asubuhi hiyohiyo papai la Mkuu wa shule, Mwalimu Mikidadi, likatoweka kweli ofisini. Aliyefagia humo ni mwanafunzi wake Yuliana, Hidaya. Mkuu, aliyekwisha kusikia habari za kipimo, akamleta darasani analia.

"Mwalimu, mpime huyu. Ikionekana, leo hii anarudi kwao."

Yuliana alimhurumia mtoto, lakini hata yeye alikuwa hajawahi kuziona hizo nyuzi, na hamu ikamshinda. Hidaya akasukutua maji ya chumvi, akatema kwenye glasi. Sabuni ikaingia, kisha spiriti, polepole, glasi ikiwa imeinamishwa. Nyuzi nyeupe zikaanza kupanda.

"Zipo kweli!" Yuliana akajisahau.

"Umeona!" Mkuu akadakia. "Ushahidi huo!"

Mwalimu hamkosoi mkuu wake mbele ya wanafunzi. Ila Yuliana ni Mluguru na Mikidadi ni Mnyamwezi, makabila yanayotaniana tangu zamani, na kwenye utani hakuna mkubwa.

"We Mnyamwezi, kabla hujafukuza mtoto wa watu, hebu sukutua na wewe."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu angekataaje? Akasukutua, akatema. Nyuzi zikapanda vilevile. Akainama mpaka miwani ikagusa glasi.

"Kumbe na mimi nimekula papai?"

"Kila mtu anazo, Mkuu. Kujua ni za nani kunataka mashine kubwa, na sisi hatuna. Hizi hazimtaji mwizi."

"Sasa nitamjuaje?"

"Kwani umemwuliza nani?"

Hakuwa amemwuliza mtu. Akauliza kwa sauti, na mlinzi wa shule, Kasiani, Mluguru mwingine, aliyekuwa akichungulia dirishani, akajibu bila haya: "Nimelila mie, mtani. Lilishaiva, ungechelewa lingeoza."

Mtani akila cha mtani hajaiba, ndiyo maana Kasiani hakuona cha kuficha. Mkuu akacheka, apende asipende. Kisha akamwona Hidaya bado anafuta machozi, na kicheko kikamwisha.

"Nisamehe, binti yangu," akasema, na wote wakasikia.

Alitaka glasi yake akaiweke ofisini. Zilikuwa mbili mezani, na kwa ile purukushani hakuna aliyezitia alama.

"Yangu ipi?" akamwuliza Hidaya.

Hidaya akaziinua zote kwenye mwanga wa dirisha, akazitazama sana.

"Sijui, mwalimu," akasema. "Chukua yoyote."