Kola Iliyofika Vipande Viwili

Wakati wa Mwingereza mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mashine ya kusaga ya misheni, nje kidogo ya Njombe. Nasema fundi kwa sababu ndivyo nilivyojiita. Nilikuwa nimekaa karakana ya Makambako miezi mitatu, nikarudi na ovaroli yenye mafuta ambayo sikukubali ifuliwe, watu wasije wakasahau nilikotoka.

Mashine ilizungushwa na maji ya mto. Shafti yake, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ilizuiwa isihame kando na kola, yaani pete nene ya chuma inayobanwa kando ya beringi inayoishikilia shafti. Yetu ilikuwa ya kawaida, duara zima lenye skrubu moja ya kuuma shafti. Skrubu ikalika, shafti ikaanza kuhama, mkanda ukawa unatoka kwenye puli, gurudumu lake, kila baada ya debe moja. Zilibaki siku kumi nioe. Mahindi ya harusi yangu mwenyewe yalikuwa yanangoja kusagwa, na nilikuwa nimemwapia mchumba wangu kwamba hatagusa mchi.

Nikaandika barua Makambako. Mzee aliyenifundisha kazi akanitumia kola mpya kwa lori. Kufungua gunia, naikuta vipande viwili, na bolti mbili zimefungwa kwenye kitambaa.

Mwenye akili angejiuliza kwa nini mpasuko umenyooka vile. Mimi nilimhurumia mzee, nikasema barabara imemharibia mzigo, heri nisimwaibishe. Nikaipeleka kwa mfua chuma mmoja Mpangwa, akaiunga motoni ikawa duara.

"Una hakika, fundi?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya mashine.

Sasa duara zima haliingii kwenye shafti bila kutoa puli. Nikatoa puli, nikatoa na beringi, siku mbili nzima. Nikaivisha, nikakaza bolti hadi jasho likanitoka, lakini hazikuwa na cha kuvuta. Shafti ikaendelea kuhama kama mgeni ambaye hajaambiwa akae.

Jumatano mzee wa Makambako mwenyewe akashuka kwenye lori, amewahi harusi yangu, akaitazama kola.

"Nani kaiunga?"

"Mimi, mzee. Ilifika imevunjika."

"Ilikatwa kiwandani, kijana. Nusu huku, nusu huku, bolti zinazivuta zinaikumbatia shafti. Puli haiguswi."

Kuikata tena kwa msumeno na kurudisha vyote nilivyofumua kulitufikisha Ijumaa jioni. Mashine ikatulia, ikanguruma vizuri kabisa. Nikakimbilia mahindi, nikaambiwa unga umeshapatikana. Sikuuliza umetoka wapi. Niliogopa jibu.

Jumamosi, mbele ya mchungaji, nilishika mkono wa bibi harusi. Kiganja chote kilikuwa malengelenge. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

"Mashine imepona?" akaninong'oneza.

"Imepona."

"Mimi bado."