Nilijaza chupa mbili siku ya kupimwa afya ya kuingia chuo

Wakuu, salaam. Aliyenizidi umri humu apokee shikamoo yangu, ingawa sidhani kama yupo.

Katika miaka ya hamsini, nyuma ya zahanati moja huku kwetu Shinyanga, rafiki yangu alinipa chupa tupu akaniomba niijaze mkojo wangu kwa ajili yake. Nikakubali. Ningekataa siku ile, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Huwa nasoma nyuzi zenu bila kuchangia. Juzi niliona vijana wanaojiandaa kujiandikisha chuo wakiulizana njia ya mkato ya kupata cheti cha afya. Nikaona nisinyamaze tena. Nitaeleza yalivyokuwa, pamoja na yasiyonipendeza.

Rafiki yangu aliitwa Nkwabi. Tulitoka vijiji jirani upande wa Segese. Msifikirie Segese ya leo yenye mgodi na maduka. Ilikuwa mbuga, ng'ombe na malambo ya kunyweshea. Tulimaliza darasa la kumi pamoja, tukachaguliwa chuo kimoja cha ualimu.

Barua ya chuo ilikuja na orodha.

Sanduku la bati. Blanketi mbili. Shuka nyeupe. Barua ya mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji. Na cheti cha afya. Chini kabisa waliandika kwamba atakayefika siku ya kujiandikisha bila cheti hicho hatapokewa, na nafasi yake atapewa mwingine.

Tulijiandaa kwa bidii. Fomu ya kuchagua masomo ilitaka sahihi, na wazee wetu walizoea dole gumba. Basi Nkwabi alikuwa anachora sahihi yake mavumbini kwa fimbo ya kuchungia, anaifuta kwa mguu, anachora tena. Alitaka kusoma historia na kilimo. Mimi hesabu.

Jambo moja tu lilimtia hofu. Alikuwa anakojoa damu.

Vijana mtashangaa, lakini kwetu mvulana aliyekulia kwenye malambo kukojoa damu haikuwa habari. Wapo wazee waliosema ni dalili kwamba mtoto anakuwa mwanamume. Shuleni ndiko tulikofundishwa kwamba ni kichocho, na kwamba kinatoka kwenye maji yale yale tuliyoogelea. Mimi nililelewa na mjomba kwenye misheni yenye kisima, ndiyo maana nilisalimika.

Dawa ilikuwepo. Zilikuwa sindano za mshipa, karibu mwezi mzima, na zilikuwa zinatapisha vibaya. Sisi tulibakiwa na siku tisa.

Asubuhi tunakwenda kupimwa, Nkwabi akaniambia njiani:

“Ng'wanawane, ndugu yangu, wewe una mkojo wa kisimani. Nigawie.”

“Mkojo nao unagawiwa?”

“Maziwa si yanagawiwa? Leo wewe ndiye ng'ombe.”

Nikacheka. Wakuu, nilikubali nikiwa nacheka. Nikanywa kibuyu kizima cha maji.

Pale zahanati dresa, ndivyo tulivyowaita wahudumu wa dawa, aligawa chupa zenye plasta iliyoandikwa namba. Unakwenda nyuma ya jengo, unarudi nayo. Nilipofika nyuma nikajaza yangu, kisha ya Nkwabi. Yeye alisimama pembeni akinihimiza:

“Kamua vizuri, usimwage. Ndama wangu atalala njaa.”

Dresa alichungulia kwenye hadubini, akainua macho, akamtazama Nkwabi.

“Wewe kweli mtoto wa malambo?”

“Ndiyo, bwana.”

“Na huna kichocho?”

“Nilikuwa mvivu wa kuoga, bwana.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dresa naye akacheka, akagonga muhuri.

Nyuma yetu alikuwa Shija, mwenzetu wa darasa moja. Yeye alileta mkojo wake mwenyewe, akakutwa na kichocho. Alitoka pale analia. Tulimwonea huruma, na moyoni nilijiona nimemwokoa Nkwabi.

Tulifika chuoni kwa lori, tukajiandikisha. Nkwabi aliweka sahihi yake kwenye fomu, ndefu, yenye mkia. Akapewa historia na kilimo.

Wiki ya tano tukamwona Shija anaingia getini na sanduku lake kichwani, amekonda kama fito. Mkuu wa chuo alimgombeza kwa kutoandika barua mapema. Kisha akafungua daftari, akaandika jina lake. Basi. Kumbe aliyekuwa kwenye matibabu alisubiriwa. Hatukujua, kwa sababu hatukuuliza.

Mchana ule nilimfuata Nkwabi kwenye bustani ya chuo.

“Umemwona Shija? Nenda na wewe ukatibiwe.”

Aliendelea kupalilia.

“Nikienda wataniuliza cheti kile kilitoka kwenye mkojo wa nani. Nitaje jina lako?”

Nilichukua jembe nikapalilia mstari wa pili.

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Ile chupa naweza kuiita ujinga wa ujana. Lakini pale bustanini nilifikiri kabisa, nikapima, nikaona nafasi yangu chuoni ina thamani kuliko afya yake. Sikumgusia tena.

Baada ya miaka michache damu ikakata yenyewe. Akaniambia, “Unaona? Imekwisha.” Nikafurahi kuamini.

Tukawa walimu. Yeye akapangiwa upande wa Runzewe. Akaja kwetu kumposa mdogo wangu wa kike, Kabula, dada niliyekuwa naye peke yake. Baba akaniita, akaniuliza kama kijana ana maradhi yoyote.

Nikasema, “Baba, huyo alipimwa. Ana cheti.”

Waliishi vizuri, wakapata watoto wawili. Kabla Nkwabi hajafikisha miaka hamsini, damu ikarudi, safari hii na maumivu. Alipofikishwa hospitali kubwa daktari akasema ni saratani ya kibofu, na kwamba huenda inatokana na kichocho cha zamani ambacho hakikutibiwa.

“Hakuwahi kupimwa?” akauliza.

Kabula akajibu haraka, “Alipimwa kabla ya chuo, akawa safi. Huyu kaka yangu ni shahidi, walikuwa pamoja.”

Wote wawili wakanigeukia. Nkwabi alikuwa kitandani, amefumba macho. Sijui kama alisikia.

Nikasema, “Ndiyo, walimpima.”

Alikufa kabla ya mavuno ya mpunga. Baada ya arobaini nilimweleza Kabula kila kitu, kuanzia kibuyu cha maji hadi swali la baba. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akafungua lile sanduku la bati, akatoa cheti, karatasi imeshakuwa ya manjano.

“Kichukue,” akasema. “Ni cha kwako.”

Ninacho mpaka leo.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa na chuo: kama kipimo kimekukuta na ugonjwa, nenda ukatibiwe, kisha uwaandikie chuo. Wakikukatalia, utakuwa umekosa mwaka mmoja tu. Na ukiombwa na rafiki umsaidie kwa namna niliyosaidia mimi, mkatalie, hata akununie. Wenye la kuongeza au la kunilaumu, andikeni tu. Nitasoma yote, kwa miwani na polepole.

Mliotaka kujua iliishia wapi, ni hivi. Rafiki yangu alikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa. Dada yangu alihamia Katoro, akaishi huko miaka mingi, na hakuniita kaka tena. Alipofariki, aliyenipigia simu ni jirani yake. Nilifika kaburi limeshafukiwa.