Bado Haijafika Laki Tatu

Jumamosi hiyo Karani aliamka na kazi mbili za kumaliza kabla jua halijawa kali: kubadilisha mafuta ya gia ya gari lake, na kung'oa mita zilizokufa kwenye dashibodi ili aweke nyingine. Alikuwa na miaka sitini na minane, goti moja la kulalamika, na ovaroli ya marehemu mumewe aliyoikunja miguu mara tatu. Jina la Karani alipewa na mume huyohuyo, maana kwa miaka thelathini na mmoja alipiga chapa katika ofisi ya shule, na barua yenye kosa moja alikuwa akiichana na kuianza upya. Mtu wa namna hiyo hawezi kulala vizuri na gari lisilojua limetembea kiasi gani.

Mita zilikufa wiki tatu nyuma. Mshale wa spidi ulianguka kwenye sifuri ukalala hapo, na namba za kilomita zikaganda: 299,841. Fundi yeyote angemwambia aendeshe tu, gari halitembei kwa namba. Lakini Karani alikuwa na ahadi, na ahadi yenyewe ilikuwa ya namba.

Gari walilinunua likiwa tayari limeshatumika, binti yao akiwa darasa la tatu. Mume alikuwa mtunza stoo, siyo makanika, ila kila Jumapili alilala chali chini ya gari lile kwa furaha ya mtoto mchangani. Karani alivumilia miaka kadhaa, kisha akaweka sharti: likifika laki tatu, linauzwa, na asisikie neno. Mume alikubali bila ubishi hata kidogo. Mke mwingine angeshtuka.

Basi kila mwisho wa mwaka ukawa na swali lake. "Limefika?" Mume anainama, anakodoa macho kwenye dashibodi, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kuigiza. "Bado." Wakati ule Karani hakujua kuendesha, na kutoka kiti cha abiria namba zile zilikuwa ndogo kama ufuta. Alijifunza usukani akiwa na miaka sitini na mitatu, macho ya mume yalipoanza kuingia ukungu. Siku ya kwanza aliyokaa upande wa dereva alijisomea mwenyewe: 288,110. Kweli bado.

Sasa mume ana miaka miwili kaburini, na zilikuwa zimebaki kilomita mia moja hamsini na tisa. Binti yao, ambaye ni nesi, alishampata mnunuzi huko kazini kwake. Karani alimwambia neno lake ni lilelile, laki tatu, siku hiyohiyo funguo anazitoa. Alichoficha ni kwamba tangu namba zivuke 299,000 alikuwa akienda sokoni kwa miguu, na goti lake na vikapu vyake. Mita zilipokufa alishangilia kimoyomoyo. Wiki tatu aliendesha bure, akazunguka mtaa mzima bila sababu, halafu akaanza kujiona mwizi. Ndipo akaenda kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa, akapata mita za gari la aina ileile. Hizo zilisoma 112,306. Akapiga hesabu kwenye karatasi: zikifika 112,465, ndiyo laki tatu, ndiyo kwaheri.

Alianza na mafuta ya gia, kama mume alivyokuwa akianza. Aliendesha hadi kona na kurudi ili mafuta yapate moto kidogo, akapandisha gari juu ya stendi nne za chuma, akalitikisa kuona kama limekaa. Kisha akaingia chini na beseni. Kwenye bomba la kijiti cha kupimia kulikuwa na kipande cha plastiki kilichofungwa kwa waya, chenye mwandiko wa mume: *Fundi mwenzangu, gia hii imezeeka. Usiitoe damu yote siku moja. Toa kiasi, rudisha kiasi kilekile, itembee wiki, urudie.*

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakugusa kitu bila kumwachia ujumbe fundi atakayekuja baada yake. Nyuma ya feni ya sebuleni, chini ya sinki, ndani ya swichi ya chumbani, kote aliandika *Fundi mwenzangu*, tarehe, na onyo. Karani alikuwa akimcheka. "Fundi gani atakuja hapa zaidi yako?" Alikuwa akijibu kwamba huwezi kujua.

Mafuta yalitoka meusi, rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Aliyapima kwenye chupa tupu za lita: tatu na nusu. Akafunga nati, akamimina mapya mekundu kiasi hichohicho, akawasha gari, akapitisha mkono wa gia kila mahali polepole, akaurudisha kwenye alama ya maegesho. Injini ikiwa inanguruma alichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakitoa tena. Zamani kazi hii ilikuwa yake. Mume alikuwa akimwita kutoka jikoni, "Karani, njoo unisomee," naye anakuja na mikono ya unga anasoma, kwa sababu mume hakuamini macho ya mtu mwingine. Alisoma. Yalifika alama ya juu sawasawa. Alitaka kumwambia mtu, na mtu hakuwepo, na hilo lilimuuma kuliko goti.

"Mama, uko chini ya gari tena?"

Nesi alikuwa ameingia na mfuko wa matunda. Karani alimwonyesha kwamba alikuwa amesimama, hajalala.

"Mafuta usoni yametoka wapi, basi?"

"Yameruka."

"Mama, watu wa umri wako wanapumzika. Mimi nakutania, lakini sikutanii."

"Wakipumzika wanakuja kwako hospitali. Mimi umeniona hospitali?"

Nesi alicheka bila kutaka, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kuanza kumenya chungwa. "Yule mtu wangu ameuliza tena. Nimemwambia mwezi huu."

"Mwambie nikishaweka mita. Siuzi gari bubu."

Akazima injini, akachomoa waya wa betri, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafungua skrubu mbili za fremu ya plastiki na nne zilizoshika kisanduku cha mita. Kisanduku kilitoka nusu, kikagoma. Akaingiza mkono nyuma, akabonyeza kufuli ya kebo ya spidi, akachubua kidole, akanyonya damu, akabonyeza tena. Kebo ikaachia. Akavuta soketi mbili za waya, akakipakata kisanduku mapajani na kukigeuza.

Mgongoni mwa kisanduku kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe iliyogeuka manjano. Mwandiko ulikuwa uleule.

*Fundi mwenzangu. Mita hizi si za gari hili. Za kwanza nilizitoa zikiwa 299,706. Hizi niliziweka zikiwa 214,050. Hesabu mwenyewe. Gari zima, sikutaka tuliache. Karani asijue.*

Na tarehe. Karani aliitambua tarehe hiyo. Ilikuwa wiki aliyokwenda kumsaidia Nesi alipojifungua, miaka kumi na miwili iliyopita. Aliporudi, mume alimpokea kituoni na gari lililooshwa likang'aa, na kidole kimefungwa kitambaa. Alimuuliza kimefanya nini. Alijibu kwamba ni kisu cha vitunguu, na Karani akamwonea huruma kwamba mwanamume wa watu amejipikia wiki nzima.

Alipiga hesabu kichwani, mara mbili, kwa sababu ya mazoea. Laki tatu na themanini na tano elfu, mia nne tisini na saba.

Kwanza alikasirika. Yeye, ambaye hakuna mkuu wa shule aliyewahi kumkuta na kosa, alikuwa amepigwa changa la macho kila mwisho wa mwaka, uso kwa uso, na mtu aliyeshindwa kudanganya hata kuhusu sukari. Kisha akasoma tena, na safari hii hakuvuka maneno mawili ya kwanza. Fundi atakayekuja alikuwa ni yeye. Mume alikuwa amemficha Karani, na kumbe siri yote alikuwa ameiweka mikononi mwa Karani. Akainamisha kichwa kwenye usukani na kulia kwa sauti ndogo, huku anacheka, hata asijue kipi kilianza.

"Mama? Umejikata?"

"Kidole tu. Niletee kalamu ya wino mezani."

"Na plasta?"

"Na plasta, ndiyo. Kubwa."

Nesi alileta vyote, akataka kuona kidonda, akafukuzwa akamalizie chungwa lake. Karani aliibandika plasta mgongoni mwa mita mpya, akailainisha kwa kidole gumba, na akaandika kwa herufi zilizonyooka kama za taipu:

*Fundi mwenzangu. Za kwanza zilitoka 299,706. Za pili ziliingia 214,050, zikatoka 299,841. Hizi zinaingia 112,306. Mafuta ya gia yamebadilishwa leo, lita tatu na nusu. Gari zima. Nesi asijue.*

Aliihakiki mara mbili. Haikuwa na kosa. Akachomeka soketi, akasukuma kebo mpaka ikalia kliki, akarudisha skrubu zote sita, akaunganisha betri, akalishusha gari kutoka kwenye stendi. Mita za zamani alizifunga kwenye kitambaa cheupe, akaziweka chini ya kiti chake. Alipowasha, taa ndogo za dashibodi zilimulika zote.

Nesi alikuja akaegemea dirisha, mikono inanukia chungwa. Alitazama namba mpya, akakunja uso akijaribu kukokotoa, akashindwa.

"Kwa hiyo sasa, Mama, limefika?"

Karani aliinama, akakodoa macho kwenye dashibodi, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Panda, tuipe gia mazoezi. Tutapita njia ndefu."