Mnara Ulionasa Chini ya Nyumba

Kwa miaka arobaini na moja nilijenga kuta za matofali ya udongo hapa Toledo: shule mbili, kituo cha zimamoto, na mabomba ya moshi nisiyokumbuka idadi. Siku hizi ukuta unaletwa kwa lori, matofali yamebandikwa juu yake kama stempu, na vijana wanaukaza kwa skrubu huku wanasikiliza muziki. Nimelilalamikia jambo hili mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza, na baadaye mbele ya wale ambao hawakukubali. Kwa hiyo ni haki mjue kwamba mimi huyuhuyu, Florian Gorski, mwashi, mwenye umri wa miaka sabini na minane, nimemaliza miezi kumi na minne katika chumba cha chini ya nyumba yangu nikijenga mnara wa vitofali vya plastiki. Tena mnara wa gemu.

Gemu yenyewe inaitwa Mnara wa Chumvi. Binti yangu Paulette aliicheza kwenye televisheni alipokuwa na miaka kumi na miwili. Jioni moja mwaka 1989 nilimwita mezani mara tatu, hakuja. Nikaichomoa mashine ya gemu, nikaitia kwenye pipa la taka, nikamhubiria kwamba vitu vya kweli hujengwa kwa mikono. Niliacha shule mapema, mengine nikajisomea maktaba, na mtu aliyejisomea hana mwalimu wa kumwambia sasa nyamaza.

Tangu tulipomzika mama yake, miaka sita iliyopita, Paulette hajakanyaga nyumba hii. Anakaa Cleveland. Hupigiana simu Krismasi, tukaongea habari za theluji. Niliposikia kwamba kuna chama cha wajenzi wa vitofali na kwamba kila mwaka wana maonyesho katika ukumbi wa mjini, nikajiunga, nikatafuta picha ya ule mnara, nikaanza. Ulipokaribia kwisha nikamwandikia: njoo Jumamosi kwenye maonyesho, kuna kitu nimekujengea. Akajibu, "Ukumbini nitakuja." Nililielewa lile neno "ukumbini": nyumbani haji.

Ijumaa asubuhi alikuja Vernita Hobbs, mwenyekiti wa chama, dereva wa basi mstaafu, na gari lenye masanduku matupu. Mnara ulinifika kifuani na ulikuwa mpana kama meza ya jikoni. Aliuzunguka mara mbili.

"Mnara umependeza, mzee. Unafunguka wapi?"

"Haufunguki."

"Kila kitu cha maonyesho hufunguka. Tunajenga vipande, tunaacha mshono wima kati ya kipande na kipande, tunabeba. Wako uko wapi?"

"Dada, sijaacha mshono wima tangu mwaka 1963. Mshono wima ni ufa unaosubiri siku yake. Kila kitofali hapo kimelalia viwili vya chini."

"Unaogopa ufa wa plastiki inayokaa ndani ya nyumba?" Akautazama mlango, akazitazama ngazi nyembamba za kupandia juu. "Miezi kumi na minne hukupima mlango?"

"Nilipima mnara."

Akaketi juu ya ndoo akacheka hadi akafuta macho. Milango ya nusu ya mji huu niliipima mimi.

"Basi tuung'oe vipande vipande, tuujenge tena ukumbini," alisema alipotulia. "Ila usiniambie umetia gundi."

"Kidogo. Safu za chini tu."

Akashusha sauti kana kwamba nimekiri kuua. "Chamani gundi ni mwiko, usimwambie mtu. Sasa mwite huyo binti aje auone hapa."

"Hapa haji."

"Umemwomba?"

Nikajifanya natafuta kitu mezani.

"Mzee, umebandika plastiki mwaka mzima na zaidi ili usiombe ombi la dakika mbili," alisema Vernita. "Wewe ni mwashi kweli. Shika simu, mimi nangoja garini."

Nikapiga.

"Mnara haupiti mlangoni," nilimwambia Paulette. "Ukumbini hautakuwepo. Nakuomba uje nyumbani."

"Hukupima mlango?"

"Sikupima."

"Wewe?"

"Mimi."

Nikasikia sauti nikadhani analia, kumbe anacheka, na kucheka kwake ni kama kwa mama yake. "Nitakuja," akasema. "Nusu saa tu. Na usiniwekee sahani ya pierogi mezani, Baba, nakujua."

Jumamosi aliteremka ngazi bila kuvua koti. Akauinamia mnara kwa muda mrefu.

"Hizi nguzo ni za nini?"

"Zinashika vibaraza. Pichani vilikuwa vinaelea hewani."

"Vinatakiwa kuelea."

"Hakuna kitu kinachoelea, Paulette."

"Na ngazi hii ya ghorofa ya nne, mbona nzima?"

"Pichani ilikuwa na pengo katikati. Nikaitengeneza."

Akanitazama, nami nikaona jibu langu lilivyokuwa la kijinga.

"Lile pengo ndilo gemu yenyewe, Baba. Unafika pale, huna pa kukanyaga, inabidi uruke. Nilianguka pale wiki tatu. Jioni ile uliponiita mezani nilikuwa nimevuka kwa mara ya kwanza. Sikujua juu kuna nini. Mpaka leo sijui."

Ningeweza kusema mengi. Nina maneno mengi ya maktaba.

"Ivunje hiyo ngazi," nikasema.

"Umeijenga vizuri sana."

"Ndilo kosa lake."

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaingiza ukucha chini ya kitofali cha kwanza, katikati ya ngazi. Aling'oa kimoja baada ya kingine, akinikabidhi mkononi, nami nikasimama nikivipokea kama kibarua wa siku ya kwanza, nikikatazwa kurudisha hata kimoja.