Rasi Isiyokaa Mtu

Walionizoea nikikemea wasomaji wa nusu kitabu wanivumilie leo, kwa maana ninayemkemea ni mimi mwenyewe, na aibu hiyo ingali inanichoma kila nipitapo mtaani kwetu Mkunazini.

Jirani yangu Bi Rukia aliniletea barua nimsomee. Mwanawe Haji, baharia, alivunjika mguu safarini, na nahodha wake, Mzungu, aliandika kwamba wamemwacha kwenye rasi ya kisiwa kimoja kusini kabisa ya dunia, karibu na barafu, hadi meli itakaporudi.

"Huko kuna watu, mwalimu?"

Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini barazani palikuwa na wanaume sita wakinywa kahawa (nami sikuzoea kushindwa na swali mbele ya watu), basi nikatoa ramani yangu kuukuu, nikawaonesha nukta isiyo mji, nikaeleza upepo wa magharibi usiokutana na nchi kavu ya kuuzuia, majabali yanayoangukia baharini, ardhi isiyoota hata mti mmoja, na nilipoona wameweka vikombe chini nikaongeza, "Rasi hii haikai mtu. Wazungu huandika hivi kulainisha msiba."

"Tusiwaulize wenye meli?" alisema muuza kahawa.

"Watakujibu hayo hayo."

Bi Rukia hakulia. Alisema tu, "Basi nshafahamu."

Matanga yakawekwa. Tukamsalia Haji sala ya maiti asiyekuwapo, nami safu ya mbele. Mkewe akaingia eda. Nguo za Haji zikatolewa sadaka, na mimi, kwa heshima ya elimu yangu, nikapewa kanzu yake ya Idi.

Mwezi wa tatu tangu matanga Haji akatokea barazani, akichechemea. Nilikuwa nimeivaa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akinitazama kifuani. "Imekukaa, ila mikono mirefu."

"Mtolee ramani, mwalimu," akasema mmoja, "akuoneshe alipozikwa."

Haji akaeleza kwamba nyuma ya majabali yale rasi ina ghuba ndogo isiyofikiwa na upepo, na wapima hali ya hewa wana nyumba za mbao huko, na jiko la makaa, na tabibu. Niliyoyasema juu ya uso wa rasi yalikuwa kweli. Mgongo wake sikuujua.

Nikaenda kumtaka radhi mama yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Miezi mitatu nimemuombea maghufira," alisema. "Hata siku moja sikumuombea mguu upone."

 Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua husema sijui, wala sitaacha. Barazani wamenipunguzia maswali, na pangu karibu na dele la kahawa anakaa mwengine.