Maziwa Yakitulia Hujitenga

Kiwandani tulimwita Kola, kwa sababu alishona kola za mashati na hakuna mwingine aliyezishona zikalala vizuri vile. Mimi ni mpiga pasi. Meza yangu iko nyuma ya cherehani yake, na kila shati lililotoka mkononi mwake lilipitia kwangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nasimulia ya kusikia.

Alirudi kutoka likizo ya uzazi mtoto hajaanza hata kukaa. Siku hiyo ya kwanza, tukifunga aproni, akaniambia, "Dada, huyu wa pili nitamnyonyesha mpaka atosheke. Liwalo na liwe."

Nilijua kwa nini. Binti yake mkubwa alimwachisha ziwa alipoanza kazi hapa, mtoto akabaki na bibi yake, yaani mama mkwe wa Kola, ambaye anaishi nao. Sasa binti yuko shule, na mpaka leo akichubuka goti humkimbilia bibi. Bibi ndiye anayemwita "mama". Kola yeye huitwa "mama wa kazini". Wageni wakisikia hucheka, na Kola hucheka nao, lakini mimi nimeshauona uso wake kicheko kikiisha.

"Nataka huyu anijue," alisema. Basi. Hakutaka kingine chochote duniani.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfundisha kujikamua kwa mkono, kutia kwenye chupa safi na kuweka kwenye baridi, ili mtoto apewe kesho yake mama akiwa kazini. Kengele ya chai ikilia, sisi wengine tunakimbilia vikombe, yeye anaingia stoo ya vitambaa, anakaa juu ya majora, anajikamua. Mlango wa stoo hauna komeo, kwa hiyo komeo lilikuwa mimi. Nilisimama pale nimeuegemea kwa mgongo, chai yangu mkononi. Wapakiaji wakipita hawakosi neno.

"Mama, tuletee basi na sisi ya chai!"

"Nenda kwa mama yako," nikamjibu mmoja. "Alikunyonyesha wewe, hebu tazama alivyopata hasara!" Wenzake wakamcheka hadi getini.

Hao walikuwa afadhali. Aliyeniudhi ni nyapara wetu, mwanamke mwenzetu, aliyezaa na kulea. Alikuja akanisukuma kando, akachungulia, akasema, "Hapa ni kiwandani, si zizini." Ala! Nilitaka kumjibu, Kola akanivuta aproni. Shati letu linapita mikono mingi. Kola ya shati ikikwama, wa vifungo anakaa bure, na mimi pasi inapoa. Kola alilijua hilo, kwa hiyo alishona kwa kasi kuliko sisi sote ili pasitokee mtu wa kusema amechelewesha. Chai hakunywa tena. Mkate aliutafuna mguu ukiwa kwenye pedeli ya cherehani. Macho yakaingia ndani, nguo zikaanza kumning'inia. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Mvumilivu hula mbivu, dada." Nami namwambia, mbivu zenyewe utazila saa ngapi na wewe huna hata muda wa kumeza mate?

Jioni aliondoka na chupa yake ndani ya themosi yenye barafu, akiikumbatia kifuani. Mwenye nyumba wao alimpa nafasi kwenye friji yake. Asubuhi chupa inabaki kwa mama mkwe, Kola anakuja kuanza upya.

Halafu mtoto akaanza vituko. Akiwekwa kifuani jioni, anavuta kidogo, anaacha, analia. Kola akaamua kwamba maziwa yake yanapungua. Akaongeza kujikamua. Alikunywa maji mpaka tumbo likamvimba. Akawa anakuja na macho mekundu, ananiuliza, "Dada, nimekosea wapi?" Ningejua wapi? Nikamwambia ajipe moyo. Maneno ya bure kabisa, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Siku moja umeme ukakatika, jenereta nayo ikagoma, nyapara akatutoa mchana. Nikamsindikiza Kola kwake, alitaka nimwone mtoto. Tulikuta mlango wa uani uko wazi. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye mfereji wa maji machafu, mtoto mgongoni, na mkononi ana ile chupa. Alikuwa akiyamimina maziwa.

Hakutusikia. Aliyamimina taratibu, akaisuuza chupa vizuri, akaigeuza ikauke. Kando, juu ya kigoda, chupa nyingine ilikuwa tayari, ina maziwa ya ng'ombe yenye sukari.

"Mama," Kola akasema.

Yule mama alishtuka akashika ukuta. Msidhani ni mama mkwe wa kusemwa vibaya. Ni mtu mpole, anayemfulia mkwewe nguo na kumwekea chakula, na sijawahi kumsikia akimnyanyulia sauti.

"Yalikuwa yameharibika, mwanangu," akasema. "Kila siku nayakuta yamekatika. Mafuta juu, maji chini."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ningekuambiaje? Mama anayenyonyesha haambiwi maziwa yake mabaya, yatakauka. Na wewe unavyohangaika! Nikasema ninyamaze, nimstahi mtoto wa watu."

Kola alikaa chini, pale pale kwenye saruji yenye maji. "Hayakuharibika, mama," akasema. "Yakitulia hujitenga. Unatikisa tu, yanachanganyika. Muuguzi alinieleza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje mama? Wewe umelea watoto saba. Mimi nani wa kukufundisha maziwa?"

Uchungu ulinipanda, nikatafuta wa kumfokea, nikamkosa. Huyu kamheshimu mkwewe, yule kamheshimu mkazamwana wake, na heshima zote mbili zimeingia kwenye mfereji. Laiti mmoja wao angekuwa na mdomo mchafu kama wangu!

Kola akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akafungua blauzi. Mtoto aligusa kidogo kwa mdomo, akajikunja mgongo kama upinde, akapiga yowe. Shingo ameigeuza kule kwenye kigoda, iliko chupa, na mikono ameinyoosha kwa bibi. Kola alijaribu upande wa pili. Akajaribu kumwimbia. Mama mkwe alikuwa akilia, anasema, "Ni mimi, ni mimi niliyeharibu," lakini mikono ya mtoto ilibaki imeelekea kwake. Mwishowe Kola akamrudishia. Mtoto akanyamaza papo hapo, wala hakuwa amepewa chupa. Alinyamaza kwa kubebwa na bibi tu.

Kola alijaribu wiki kadhaa baada ya hapo. Usiku, alfajiri, mtoto akiwa na usingizi, mtoto akiwa na njaa. Muuguzi akamwambia asikate tamaa, na mama mkwe akawa anaficha chupa na kutoka nje ili mtoto asimwone. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Siku moja Kola alikuja kazini bila themosi. Sikumuuliza. Kengele ya chai ilipolia, watu wakainuka, yeye akabaki ameketi akishona, na mimi kwa mazoea nikajikuta nimeshafika mlango wa stoo, peke yangu.

Niliporudi, nilimkuta amesimamisha cherehani, anajitazama kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Mwili ulikuwa umeisikia kengele. Alijibana kwa viganja, kwa nguvu, lakini yalipita katikati ya vidole yakadondokea kola nyeupe iliyokuwa chini ya sindano.

"Dada, wewe yaambie yaache," akaniambia. "Mimi hayanisikii."

Nilimfunika kwa aproni yangu. Akamaliza kuishona ile kola, kwa sababu wa vifungo alikuwa anaisubiri, kisha shati likaja mezani kwangu. Nililipiga pasi. Pale palipolowa pakatoa harufu ya maziwa yanayoungua, na Kola, aliyekuwa amenipa mgongo, akaacha kushona.