Mama Anauliza Kama Mafundi Wamemaliza

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Lamu. Ninaishi Juba, mtaa wa Gudele, na mume wangu ana duka soko la Konyo Konyo. Ninakaa na mama yangu mzazi, nilimleta huku miaka sita iliyopita baada ya baba kufariki. Msinitukane kabla hamjafika mwisho. Baada ya hapo, ruhusa.

Nyumba yetu ya Lamu ni ya mawe, ya tangu mababu. Paa lilianza kuporomoka, na mimi na kaka yangu hatukuwa na uwezo wa kulijenga. Akatokea mnunuzi, kazi yake kugeuza nyumba za kale kuwa hoteli. Tulijua mama hatakubali, basi tukamwambia karatasi za mauzo ni za ukarabati. Mama husoma Kiarabu tu. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina lake. Akaliandika taratibu, kwa herufi nzuri, kisha akatuombea dua.

Tangu hapo, haipiti wiki hajaniuliza, "Mwanangu, mafundi wamemaliza?" Namjibu bado. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sita.

Mwezi uliopita nilikwenda Lamu harusini. Kwa shangazi kulikuwa kumejaa, nikachukua chumba kwenye ile hoteli, siku mbili. Sijui nilitaka nini. Mhudumu, binti mpole aliyetoka bara, alinipokea kwa juisi ya ukwaju akanizungusha nyumba nzima, mimi niliyejifunza kutambaa mle. Kuta zimepakwa chokaa upya, na kwenye zidaka ukutani alimopanga mama sahani zake wameweka mishumaa. Nyumba imependeza kuliko nilivyoijua, siwezi kulificha hilo. Nikawa napiga picha tu kama watalii wengine. Tulipofika nyuma kabisa akaniambia, "Hapa ni chumba cha kukandwa, dada. Wageni wanakipenda sana, kina baridi."

Sisi chumba kile tunakiita nyumba ya kati. Ndimo nilimozaliwa, na ndimo alimooshwa baba, na bibi kabla yake. Mama ameniusia mara nyingi kwamba akifa aoshwe mle. Basi nikavua buibui, nikalala kifudifudi kwenye kitanda chao, nikakandwa kwa mafuta ya nazi. Nilingoja nilie. Sikulia. Nilikuwa nafikiria kwamba sijanunua halua ya kumpelekea mama.

Niliporudi Juba, mama akachukua simu yangu aone picha za harusi, akaangukia zile za nyumba. Nilikuwa nimesahau kuzifuta. "Mashallah," akasema, "kumbe wamemaliza!" Akakibusu kioo cha simu. Nami nikamjibu, "Ndiyo mama, wamemaliza." Ulimi huu utaniua.

Kesho yake jirani yetu, mama mmoja wa Uganda, akanisimamisha getini. "Mama yako ilikuja kuniaga. Imesema nyumba yake imeisha, kalas, sasa iko naenda kwake. Iko na furaha sana." Nikaingia ndani nikakuta begi limefungwa kamba. Juu yake kuna sanda aliyoinunua mwenyewe zamani, ameikunja upya.

Daktari alishatuambia moyo wa mama hauhimili mshtuko. Mume wangu anataka niseme ukweli, Mungu anaona. Kaka yangu ananiambia kwenye simu, "Mlipie siku tatu pale hotelini. Zungumza na wahudumu wajifanye yeye ndiye mwenye nyumba, hatajua." Mimi sihisi kitu, si huruma wala hofu. Napika, nafua, nampaka mama mafuta miguuni, naye ananihesabia watu atakaowaalika kwenye maulidi ya kufungua nyumba.

Ninyi mlio na mama, nishaurini. Nikisema kweli huenda nikamuua. Nikimpeleka, siku tatu zitakwisha, mgeni mwingine atafika na masanduku yake, na mama atakuwa amekaa kwenye kitanda chake, nyumbani kwake. Siku ya nne nimwambie nini?